Vazi Rasmi ni Lipi? Mavazi ya Waheshimiwa kutoka Bukhungu hadi Bungeni

Mnamo tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwasomea wabunge mwongozo kuhusu mavazi. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mbunge mwanamume anapaswa kuingia ukumbini akiwa amevaa koti, shati la mikono mirefu lenye ukosi, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare rasmi ya kazi. Mbunge mwanamke naye alitakiwa avae sketi au gauni linaloshuka chini ya magoti, na blauzi zisizo na mikono zikapigwa marufuku. Lililozua gumzo zaidi ni kwamba suti ya Kaunda, iliyokuwa imeshamiri miongoni mwa wanasiasa mwaka huo, ilitajwa kwa jina na kukatazwa. Mavazi ya kiasili ya Kiafrika nayo yakatiwa katika kapu hilohilo.

Makala haya yananuia kulichunguza suala hilo kwa kuanzia Kakamega, mahali ambapo mwanasiasa hubadilisha vazi mara nyingi kuliko anavyobadilisha chama, na hilo si jambo dogo. Haja ya kuwepo kwa vazi rasmi haipingwi hapa. Kinachohojiwa ni maana ya neno lenyewe, *rasmi*: ni nani aliyelipa maana iliyo nayo sasa, na kwa nini Bunge lililoifungulia lugha ya Kiswahili mlango mwaka 1974 lingali linamsimamisha mlangoni aliyevaa nguo za wasemaji wa lugha hiyo.

Mavazi matatu ya mwanasiasa mmoja

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara katika uwanja wa Bukhungu anafahamu vazi la kwanza. Wazee humzunguka kiongozi, wakamvisha ngozi ya mbega mabegani, wakamtia usinga mkononi na pengine wakamkalisha kwenye kigoda. Tangu hapo maneno yake huchukuliwa kuwa yana uzito tofauti. Ni katika uwanja huo, tarehe 31 Desemba 2016, ambapo Musalia Mudavadi alitangazwa kuwa msemaji wa jamii ya Waluhya. Msomaji anaweza kukubaliana na tangazo hilo au asikubaliane nalo, lakini hawezi kukana kwamba hafla za namna hiyo ni rasmi kwa kipimo cha wanaozihudhuria. Zina itifaki yake, zina wenye mamlaka ya kuvisha na wasio nayo, na mtu hawezi kujivika mwenyewe ngozi ya mzee.

Vazi la pili hupatikana Mumias, mji uliojulikana zamani kama Elureko, makao ya Nabongo wa Wanga. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani iliufanya mji huo kituo muhimu cha njia ya kuelekea Uganda. Pamoja na bidhaa zao zilikuja dini ya Kiislamu, lugha ya Kiswahili na kanzu. Nabongo Mumia, ambaye serikali ya kikoloni ilimfanya chifu mkuu mwaka 1909, alitawala mahali ambapo vazi la pwani na ngozi ya chui ya Kiwanga vilikutana bila kugombana. Hadi leo, ikifika sikukuu ya Idd, wanasiasa wa Kakamega, Waislamu na wasio Waislamu, huonekana Mumias wakiwa na kofia vichwani, na baadhi yao wakiwa na kanzu. Hapana anayewauliza tai ziko wapi.

Vazi la tatu ni suti. Hilo huvaliwa Nairobi, na tangu mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, huvaliwa pia katika Bunge la Kaunti ya Kakamega, ambako wawakilishi wa wadi 60 hukutana pamoja na wale walioteuliwa. Mabunge ya kaunti hayakubuni taratibu zao kutoka hewani. Yaliziiga kanuni za Bunge la Taifa, nalo Bunge la Taifa lilizirithi kutoka kwa Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, nalo Baraza hilo likawa limeziiga kutoka Westminster. Kwa hiyo diwani anayetoka nyumbani kwake Khwisero asubuhi akiifunga tai yake huwa anatekeleza uamuzi wa watu asiowajua, waliouchukua kutoka kwa watu ambao hao nao hawakuwajua.

Hapa ndipo penye fumbo. Mtu ni yuleyule mmoja, wapigakura ni walewale, na mara nyingine hata hotuba ni ileile. Vazi la kwanza na la pili ni rasmi mbele ya waliompigia kura, ilhali ni la tatu pekee lililo rasmi mbele ya sheria.

Suti iliingiaje

Itakuwa dhuluma kudai kwamba suti ilivaliwa na Waafrika kwa sababu ya kuiga tu. Mnamo Machi 1957, Waafrika wanane walichaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Miongoni mwao alikuwa Masinde Muliro, aliyechaguliwa kuwakilisha Nyanza Kaskazini, eneo lililojumuisha Kakamega ya leo, na ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichomo mjini humo. Wengine walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda. Picha za wakati huo zinawaonyesha wengi wao wakiwa wamevaa suti na tai. Walikuwa wakiingia katika ukumbi wa walowezi walioamini kwamba Mwafrika hawezi kuendesha serikali. Kuvaa suti iliyonyooka vizuri kuliko ya mlowezi ilikuwa njia ya kumjibu kabla ya kufungua kinywa. Odinga, kwa upande wake, alijulikana kwa kofia yake ya shanga na usinga, na hilo nalo lilikuwa jibu. Wote wawili, Muliro na Odinga, walikuwa wakisema jambo moja kwa nguo mbili.

Tatizo ni kwamba jibu la mwaka 1957 liligeuka kuwa kanuni baada ya aliyejibiwa kuondoka. Kile kilichokuwa silaha kikawa desturi, na desturi ikawa sharti.

Wanafunzi wa Kiswahili hawapaswi kushangazwa na mkondo huo, kwa maana wanaujua kutoka somo jingine. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya usanifishaji. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa nje ya vitabu vya shule, si kwa sababu kilikuwa na upungufu wa lugha, bali kwa sababu walioamua waliamua hivyo. Leo hakuna mhadhiri anayependekeza Kiswahili sanifu kitupiliwe mbali. Manufaa yake yanaonekana kila mahali. Hata hivyo, hakuna pia mhadhiri makini anayemwambia Mmvita kwamba lahaja yake ni utovu wa adabu. Suti ni Kiunguja cha mavazi. Ilisanifishwa na mamlaka, ikaenea kwa sababu ina faida, na watu wengi wakaizoea. Kosa huanza pale sanifu inapochukuliwa kuwa ndiyo heshima pekee, na kila kisicho sanifu kikaitwa utundu.

Rasmi, heshima, staha

Katika Kiingereza, kanuni za Bunge humtaka mbunge awe amevaa ipasavyo, kisha uamuzi wa lipi linapasa huachiwa Spika. Mfasiri wa Kiswahili anapofika hapo hukabiliwa na maneno matatu au manne, na kila moja lina hukumu yake.

Akisema *mavazi rasmi*, anazungumzia mamlaka. Neno *rasmi*, lenye asili ya Kiarabu, hurejelea kilichothibitishwa na serikali au na utaratibu. Vazi halizaliwi rasmi. Hufanywa rasmi na mwenye uwezo wa kulitamka hivyo. Kwa maana hiyo, suti ya Kaunda ingekuwa rasmi siku moja baada ya Spika kusema ni rasmi, na isiwe rasmi siku moja baada ya kusema si rasmi. Hakuna uzi wala kifungo kinachobadilika.

Akisema *mavazi ya heshima*, mambo ni mengine. Heshima ni uhusiano baina ya mvaaji na wanaomtazama. Ni neno hilohilo linalozaa *mheshimiwa*, jina ambalo kila mwanasiasa hulipenda na ambalo, ukilichunguza kwa kisarufi, liko katika kauli ya kutendwa: mheshimiwa ni yule anayeheshimiwa na wengine. Hivyo basi, vazi la heshima huamuliwa na hao wengine, yaani jamii iliyomtuma. Kwa kipimo hicho, mzee wa Mumias aliyevaa kanzu safi, koti na kofia ana heshima isiyo na shaka. Akisema *staha* au *stara*, anazungumzia kuusitiri mwili, na hapo kanzu inaishinda suti kwa mbali, kwa kuwa inasitiri kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

Maneno haya matatu huchanganywa kila mjadala wa mavazi unapozuka. Spika hutamka *rasmi*, magazeti yakaandika *heshima*, na wananchi kwenye matatu wakabishana kuhusu *staha*. Mjadala wa aina hiyo hauwezi kufika popote, maana kila upande unajibu swali ambalo haukuulizwa.

Yapo mazungumzo mengine yanayostahili kuepukwa, nayo ni yale ya asili. Watetezi wa suti ya Kaunda waliiita vazi la Kiafrika. Wapinzani wao wakajibu kwamba haikufumwa na babu wa yeyote. Wapinzani walikuwa na hoja. Suti hiyo ilipata jina kutokana na Kenneth Kaunda, aliyekuwa Rais wa Zambia kutoka 1964 hadi 1991, na ushonaji wake una undugu wa karibu na suti za safari za wakoloni. Nchini Tanzania, vazi la jamii hiyo liliitwa *chuenlai*, kutokana na Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China aliyezuru nchi hiyo mwaka 1965. Lakini hoja ya asili ikishikiliwa, itaondoka na kila kitu. *Shati*, *koti*, *tai*, *soksi*, *sketi*, *blauzi* na *gauni* ni maneno ya mkopo, na *suruali* pia ni mgeni aliyekuja kwa njia ya bahari. Orodha ya Spika, ikisomwa kwa Kiswahili, ukiondoa viatu, imejaa mavazi yenye majina ya mkopo. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika. Lugha hupimwa kwa wanaoitumia na kwa jinsi wanavyoimiliki, na vazi lingepimwa vivyo hivyo.

Aidha, isidhaniwe kwamba mavazi ya pwani hayana doa. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mavazi yalikuwa mpaka wa kitabaka: joho, kilemba na jambia vilikuwa vya waungwana, ilhali watumwa walikatazwa kufunika vichwa na kuvaa viatu mbele ya mabwana zao. Baada ya utumwa kukomeshwa, waliokuwa watumwa walikimbilia kanzu na kofia, na wanawake wakajipatia kanga na buibui, kwa sababu kuvaa kulikuwa sehemu ya kuwa huru. Anayetaka kanzu iingie Bungeni kwa sababu ni safi kihistoria atakuwa hajaisoma historia yake. Sababu iliyo imara ni kwamba mamilioni ya watu wa sasa huivaa wanapotaka kuonyesha heshima.

Hoja ya upande wa pili

Uamuzi wa mwaka 2023 una utetezi ambao haukusikika sana, nao unastahili kutolewa kikamilifu. Suti ya Kaunda haikuenea Kenya mwaka huo kwa bahati. Ilienea kwa sababu Rais William Ruto aliipenda na kuivaa mara kwa mara, kisha mawaziri na wabunge wakaifuata. Bunge ambamo nusu ya waliomo wamevaa kama Rais huacha maswali. Katiba ya 2010 ililitenga Bunge na serikali kuu kwa makusudi. Hata mawaziri hawawi wabunge tena. Mbunge anapoingia ukumbini akiwa amevaa vazi ambalo wananchi wamekwisha kulihusisha na mtu mmoja, huwa ametoa tamko la utiifu kabla ya kura kupigwa. Kwa mtazamo huo, suti na tai vina sifa moja kubwa: havina mwenyewe. Mbunge wa serikali na wa upinzani, Mluhya na Mmaasai, tajiri na asiye tajiri sana, wote huonekana sawa kwa mbali.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inapaswa kuishia pale inapofika. Inakataza nembo ya utiifu. Haikatazi kitenge, kanzu wala shuka. Kuyaweka yote katika marufuku mamoja ni sawa na mwalimu anayemkuta mwanafunzi mmoja akinakili, kisha akaifuta karatasi ya darasa zima.

Kuna pia ukinzani ndani ya dola yenyewe. Mnamo Oktoba 2019, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliwaelekeza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa ili kukuza viwanda vya nguo na mafundi wa Kenya. Bunge la Taifa kwa kawaida huketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kwa hiyo, kwa bahati njema au mbaya, siku ya kitenge na siku ya Bunge hazikutani. Fundi wa cherehani katika soko la Kakamega anaweza kumshonea karani wa kaunti, lakini hawezi kumshonea mheshimiwa nguo ya kufanyia kazi aliyochaguliwa kuifanya, isipokuwa ajifunze kushona suti na kushindana na mitumba.

Mizani inapoinamia upande mmoja

Kanuni za mavazi huandikwa kwa wote, ila mara nyingi macho ya wanaozitekeleza huwaelekea wanawake. Tarehe 1 Juni 2021, Condester Sichalwe, mbunge wa Momba nchini Tanzania, aliamriwa na Spika Job Ndugai atoke ukumbini akabadilishe suruali, baada ya mbunge mwanamume kulalamika kwamba ilikuwa imembana. Tukio la Kenya la tarehe 14 Februari 2023 linafundisha zaidi. Seneta mteule Gloria Orwoba aliingia katika Seneti akiwa amevaa suti nyeupe iliyokuwa na doa jekundu, akinuia kuvuta nadhari kuhusu wasichana wanaokosa sodo. Baadhi ya maseneta walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo. Suti hiyo ilikuwa suti. Ilikuwa na koti, ilikuwa na suruali ndefu, na ilitimiza kila kilichoandikwa. Kilichokosekana hakikuwa urasmi. Jambo lililoudhi lilikuwa ukweli wa mwili ambao ukumbi haukutaka kuuona. Waliotoa hoja ya heshima siku hiyo walitumia kanuni ya kitambaa kunyamazisha hoja ya sera.

Wanaume hawajasalimika kabisa. Machi 2011, Gidion Mbuvi, maarufu kama Sonko, wakati huo mbunge wa Makadara, alitolewa Bungeni kwa sababu ya kuvaa vipuli masikioni na miwani ya jua. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 20 Juni 2011, Willy Mutunga aliapishwa kuwa Jaji Mkuu akiwa na kipuli chake sikioni, baada ya kuwaambia waziwazi waliomhoji kwamba hangekivua. Mhimili mmoja wa dola ulimtoa mtu nje kwa kipuli. Mhimili mwingine ulikabidhiwa kwa mwenye kipuli. Mutunga aliendelea kuwaondolea majaji nywele bandia za Kiingereza. Mrithi wake, David Maraga, aliapishwa mwaka 2016 akiwa amezivaa. Haki haikuonekana kupungua wala kuongezeka kwa sababu ya nywele hizo.

Wengine wamefanyaje

Mtu anayedhani kwamba kanuni za mavazi haziwezi kuguswa bila Bunge kuporomoka hana haja ya kwenda mbali. Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania zimeyataja mavazi rasmi ya wabunge wanaume kwa upana: suti ya Kiafrika, suti ya safari, suti ya kimagharibi, na lile zinaloliita vazi la kimwambao, yaani kanzu, koti na kofia. Jambo la kuzingatia ni kwamba Tanzania haikuacha kuwa na kanuni. Ina kanuni, na kama ilivyomfika Sichalwe, zaweza kuwa kali kupita kiasi. Lakini iliandika kwa Kiswahili, na kwa kuwa iliandika kwa Kiswahili ililazimika kuyataja mavazi ambayo wasemaji wa Kiswahili huyaita ya heshima. Bunge hilohilo huliita rungu la Spika *siwa*, jina la baragumu kubwa la watawala wa miji ya Waswahili. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Kifaa kilikuja kutoka Westminster. Jina likampa mgeni uenyeji.

Kwingineko duniani mambo yamekuwa yakibadilika kwenda mbele na nyuma. Nchini Ghana na Nigeria, mbunge aliyevaa kente au agbada hamshangazi mtu. Februari 2021, Rawiri Waititi, mbunge Mmaori wa New Zealand, alitolewa Bungeni kwa kukataa tai, ambayo aliifananisha na kitanzi cha ukoloni. Siku iliyofuata sharti la tai likaondolewa. Uingereza kwenyewe, Spika John Bercow alisema mwaka 2017 kwamba tai haikuwa lazima. Marekani ilielekea upande mwingine: Septemba 2023, Seneti yake ilipitisha kwa kauli moja azimio la kuwataka wanaume wavae koti, tai na suruali rasmi, baada ya kulegeza utaratibu kwa siku chache tu. Mifano hiyo haiwezi kuiamulia Kenya, ila inaonyesha kwamba kila bunge huamua, na kwamba kusema "ndivyo ilivyo duniani" si jibu.

Kenya nayo iliwahi kutafuta vazi la taifa. Mwaka 2004 kulizinduliwa vazi lililobuniwa kwa lengo hilo, lakini halikushika. Sababu yaweza kuwa kwamba lilibuniwa mezani likapelekewa watu, ilhali mavazi huenda kinyume: huanzia kwa watu ndipo meza ikayakubali. Kanzu haikuhitaji kuzinduliwa Mumias.

Kilichofanyika kwa lugha

Kabla ya Julai 1974, mjadala katika Bunge la Kenya uliendeshwa kwa Kiingereza pekee. Rais Jomo Kenyatta alipoagiza Kiswahili kitumike, palikuwa na hofu zilezile zinazosikika leo kuhusu mavazi: kwamba hadhi ya Bunge itashuka, kwamba wabunge watababaika, kwamba sheria haziwezi kujadiliwa kwa lugha ya sokoni. Baadhi walibabaika kweli. Mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa kando ya Kiswahili, na utaratibu wa lugha mbili ukaendelea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 120, ikazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 11 cha Katiba hiyohiyo kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka 2019, Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zikazinduliwa kwa Kiswahili.

Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo. Mbunge aliyevaa suti ya Kiingereza anaweza kusimama na kuhutubia kwa Kiswahili, na Spika akampa nafasi. Mbunge aliyevaa kanzu, koti na kofia hawezi kusimama kuhutubia kwa lugha yoyote, kwa maana hatafika kwenye kiti chake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Pengine suti si ya kuazima tena baada ya miaka yote hii. Lakini ikiwa imekwisha kuwa ya Wakenya, haina sababu ya kuogopa kukaa karibu na kanzu.

Marekebisho hayahitaji sheria mpya wala kura ya maoni. Kanuni za mavazi hutokana na mamlaka ya Spika na kanuni ambazo bunge lenyewe hujitungia, na bunge la kaunti lina uwezo huohuo juu ya kanuni zake. Bunge la Kaunti ya Kakamega, ambalo ndani ya mipaka yake kuna Bukhungu na Mumias, lingeweza kuwa la kwanza kuandika kifungu chenye mambo matatu: kutaja suti pamoja na kanzu na koti, na kitenge kilichoshonwa kwa unadhifu, kukataza rangi, nembo na sare za chama au za mtu binafsi, iwe ni kofia ya manjano au suti ya aina yoyote inayovaliwa kwa ajili ya utiifu, na kumtaka anayelalamikia vazi la mwenzake ataje kifungu kilichokiukwa, badala ya kutaja mwili wa mvaaji. Kifungu hicho kingeandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na wakati huu mfasiri wa Kiingereza ndiye angetafuta neno la kutosha kulibeba *heshima*.